Mtoto Huyu Hasikii

Aliyesema kwanza ni bibi yake. Tulikuwa barazani nyumbani kwetu Tanga, Desemba 2010. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi minane, anajaza mchanga kwenye vifuu vya nazi na kuumwaga. Bibi akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Mara ya tatu akageuka, akatabasamu, akarudi kwenye vifuu vyake.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia, "huyu mume wangu hasikii."

"Mtundu huyo, mama," nikamjibu. "Kamrithi baba yake."

Tukacheka. Yeye alikuwa anazungumzia masikio, mimi nazungumzia tabia, na neno lilikuwa moja. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kutambua kwamba siku ile hatukuelewana.

Hasikii. Kiswahili hulitumia neno hili kwa asiyeweza kusikia na kwa asiyetaka kutii. Tunaposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hatumsemi kiziwi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kufikia mwaka ule nilikuwa nimefundisha miaka 11, na kwenye ripoti za wanafunzi nilikwisha kuandika "hasikii" mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Mzazi akilisoma alijua la kufanya, na aghalabu lilikuwa fimbo. Alikuwapo binti mmoja wa darasa la tatu ambaye ukimwambia afungue dirisha anakuletea chaki, ukimuuliza saba mara nne anakutajia jina la mji. Nilimsimamisha mbele ya wenzake zaidi ya mara moja, nikiamini ananifanyia mzaha. Nikieleza yaliyompata mwanangu, huwa namwona na yeye amesimama pale ubaoni.

Mwanangu alizaliwa Aprili 2009, masika yamekolea. Siku ya pili weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Kila aliyekuja kumwona mtoto alinipa ushauri ule ule: mtoe asubuhi, apigwe na jua. Lakini wiki ile Tanga haikuwa na jua. Nilikaa naye dirishani nikisubiri mawingu yapasuke. Siku ya tano alikuwa wa manjano hadi kwenye nyayo, ananyonya kidogo na kusinzia, na kilio chake kimekuwa chembamba, cha juu, si kilio nilichokizoea kwa dada zake. Ndipo tulipokimbilia hospitali. Alilazwa siku nne chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa, rangi ikapungua, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Umanjano wa mtoto mchanga hutokana na bilirubini, takataka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtu mzima huiondoa bila taabu. Ini la mtoto wa siku mbili bado halijakomaa, kwa hiyo watoto wengi huwa na manjano kidogo na huisha yenyewe. Lakini ikizidi sana, bilirubini huvuka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye ubongo, na sehemu zinazoshughulikia usikivu ni miongoni mwa zile inazoziumiza mapema. Mtoto anaweza kutoka hospitali akiwa na rangi nzuri, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, huku njia ya sauti kichwani mwake imekwisha kuharibika. Siku tuliyoruhusiwa hakuna aliyetuambia kwamba mtoto huyu lazima apimwe usikivu.

Ule ushauri wa jua nao una asili yake, na sipendi kuwalaumu mama zetu kwa kuutoa. Mwaka 1956, kwenye hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto uani wapate jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka pote isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka, ambayo ilibaki na manjano. Kutokana na uchunguzi ule zilitengenezwa taa, na mwaka 1958 madaktari wa pale wakachapisha matokeo yao. Kwa hiyo ni kweli mwanga huivunja bilirubini. Lakini taa ya hospitali hutoa mwanga wa buluu wenye nguvu inayojulikana, saa baada ya saa, mtoto yu uchi, huku damu yake inapimwa. Dakika 15 za jua la asubuhi mtoto akiwa kwenye kanga haziwezi kufanya kazi hiyo, wala hazikuambii manjano yamepanda kiasi gani.

Mwaka 2011 alitimiza miaka miwili bila neno hata moja, hata "mama". Tukampeleka kwenye kliniki moja mjini. Walimwekea sikioni kijiti chenye kofia laini ya mpira, kimeunganishwa na mashine ndogo ya kushika mkononi. Haikupita dakika mbili, mashine ikaandika kwamba amefaulu. Sikio la pili, vilevile. "Masikio ya mtoto ni mazima, mama," nikaambiwa. "Wavulana huchelewa kusema." Niliikunja ile karatasi nikaiweka pamoja na kadi yake ya kliniki, na kwa mwaka na nusu uliofuata nilimtolea kila aliyeniuliza.

Karatasi ile ilitufungia mlango. Kama masikio ni mazima, basi tatizo ni kitu kingine. Mmoja akasema ni udata, akatazamwa ulimi. Mwingine akasema ni televisheni, tukaizima. Akasomewa dua. Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba leo ukimwita anageuka, kesho ukimwita kwa sauti ile ile hageuki. Mlango ukibamizwa anashtuka. Muadhini akianza anatazama juu. Jirani akasema wazi: "Anasikia huyu, ila anajifanya." Nami nikaamini. Nilimpiga mwanangu kwa kutosikia, mwenyewe nikiwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba anasikia.

Kilichonizindua ni umeme kukatika. Ilikuwa usiku, tumemaliza kula. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, mtaa mzima ukawa kimya hivi kwamba unasikia majani ya mwembe. Niliwasha mshumaa, nikakaa naye uso kwa uso, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Njoo." Akaja. Nikasema: "Maji." Akatazama mtungi. Nilirudia maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi alipatia. Umeme uliporudi, feni ikaanza kuzunguka, nikasema tena "maji". Akanitazama mdomo tu.

Sikulala. Mtoto mkaidi hawi mtiifu kwa sababu feni imezimika.

Tulifika Dar es Salaam mwanzoni mwa 2013. Tulikuwa tumeagizwa tusimwache alale usiku wa kuamkia kipimo, ili alale wakati wa kupimwa. Safari hii hawakuishia sikioni. Walimbandika vidude vidogo vyenye waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, wakamvisha vipokea sauti vya masikioni, wakawa wanapeleka milio huku kompyuta ikisoma umeme unaopita kutoka sikioni kwenda kwenye shina la ubongo. Kwa mtoto anayesikia, hujitokeza mawimbi ya vilima, kimoja baada ya kingine. Kwa mwanangu palitokea mtikisiko mdogo mwanzoni, kisha mstari ukaenda bila kilima hadi mwisho, hata mlio ulipokuwa mkubwa sana.

Mtaalamu alikuwa dada wa makamo. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mwalimu.

"Basi Mwalimu, wanafunzi wako wakiimba jedwali la kuzidisha kwa pamoja, mtu aliye barabarani anasikia nini?"

"Anasikia mbili mara mbili nne."

"Na kila mmoja akianza kwa wakati wake?"

"Anasikia kelele."

"Watoto ni wale wale, sauti ni zile zile, pengine kubwa zaidi. Ila neno hakuna. Ndicho anachokipata mwanao."

Nimekwisha kusoma mengi tangu siku ile, na sijaona maelezo yanayoushinda mfano wake. Ndani ya sikio kuna koklea, kiungo kilichojikunja kama konokono, na humo mna aina mbili za chembe zenye vinyweleo. Za nje zipo kama 12,000 katika kila sikio, nazo kazi yake ni kuikuza sauti inapoingia. Za ndani ni kama 3,500 tu, lakini hizo ndizo zinazoikabidhi sauti kwa mshipa wa fahamu wa usikivu, wenye nyuzi zipatazo 30,000. Nyuzi hizo lazima zipeleke habari kwa pamoja, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa sababu tofauti ya "pa" na "ba" ni ya muda mfupi mno. Zikiachana, ubongo unajua kwamba kuna sauti, lakini haujui ni sauti ya nini. Ukiongeza kelele ya feni, ya mvua kwenye bati, ya watoto 70 darasani, hata kile kidogo kilichokuwa kinapita hupotea.

Na kile kipimo cha kwanza? Hakikudanganya. Mwaka 1978 mwanasayansi David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima, likipelekewa sauti, hurudisha mwangwi wake mdogo sana unaotoka kwenye zile chembe za nje. Mashine ya kijiti husikiliza mwangwi huo. Chembe za nje za mwanangu zilikuwa nzima, zikajibu, mashine ikaandika amefaulu. Haikupima chembe za ndani, haikupima mshipa wa fahamu, haikupima ubongo. Ni sawa na kuhakikisha kengele ya shule inalia, kisha ukaandika kwamba wanafunzi wameingia darasani. Aliyenisomea jibu alilifanya kubwa kuliko kipimo chenyewe, na mimi nililipokea hivyo hivyo kwa sababu ndilo nililotaka kusikia.

Wataalamu huiita hali hii nyuropathi ya usikivu. Mwaka 1996, nilipokuwa namaliza kidato cha nne, daktari Arnold Starr wa Marekani na wenzake walieleza habari za wagonjwa 10 waliokuwa na mwangwi wa sikio lakini hawana mawimbi ya ubongo, na hapo ndipo ikapata jina hilo. Mwaka 2008, kwenye mkutano uliofanyika Como, Italia, jina likapanuliwa liwe la kundi zima la matatizo, kwa kuwa hitilafu yaweza kuwa kwenye chembe za ndani, kwenye kiungo kati ya chembe na mshipa, au kwenye mshipa wenyewe. Wataalamu hukadiria kwamba katika watoto 10 wenye upotevu wa kudumu wa usikivu, mmoja hivi ana hali hii. Kwa hiyo si ya kawaida, lakini sababu zake tunaishi nazo: manjano yaliyozidi, kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wengine huirithi.

Baadaye daktari wa watoto aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: nguo alizovishwa mtoto alipozaliwa zilitoka wapi? Zilikuwa za dada zake. Nilizihifadhi sandukuni miaka minne pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia mende na nondo, nikazitoa na kumvisha. Akampima damu, akamkuta na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu umeenea katika nchi zenye malaria, hurithiwa kwa njia ya mama, na unawaathiri zaidi watoto wa kiume. Mwenye upungufu huo akivuta au akigusana na nafthalini iliyomo kwenye vidonge vile, chembe zake nyekundu za damu huvunjika kwa wingi na manjano hupanda kwa kasi. Nilirudi nyumbani nikazitoa nguo zote sandukuni nikazifua, ingawa sikuwa na mtoto mwingine wa kumvisha. Mjamzito anayesoma hapa, tafadhali, nguo za mtoto zitunze kwenye mfuko safi bila vidonge hivyo.

Tulijaribu vifaa vya kusaidia kusikia. Alivivua vyote kabla ya wiki kwisha, na sasa naelewa kwa nini. Kifaa hukuza sauti. Darasa linaloimba jedwali ovyo, ukiwaambia wapaze sauti, hawaanzi kuimba pamoja. Wapo watoto wenye hali hii ambao vifaa huwafaa, na ni haki wajaribishwe, lakini kwa wangu vilikuwa mateso. Kupandikiza koklea, ambako waya huwekwa ndani ya sikio na kuusisimua mshipa moja kwa moja kwa umeme, kumewasaidia wengi, kwa kuwa ule umeme huzilazimisha nyuzi kupeleka habari kwa wakati mmoja. Miaka ile Watanzania walikuwa wakienda India kwa upasuaji huo. Muhimbili ilianza kuufanya 2017, mwanangu akiwa na miaka minane. Tulielezwa kwa upole kwamba ubongo hujifunza maneno vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo, na kwamba umri wake hautuahidi mengi. Mimi na baba yake tulizungumza siku nyingi, tukaamua kubaki na kile kilichokuwa kimekwisha kutupa mtoto wetu.

Kilikuwa ni mikono. Mtaa wa pili kutoka kwetu alikuwapo fundi cherehani kiziwi, mama mtu mzima ambaye nilikuwa nimempelekea magauni kwa miaka bila kumjua zaidi ya kumwonyesha vipimo kwa vidole. Tuliporudi kutoka Dar nilimwendea na mtoto mkononi. Alimtazama, akaweka kitambaa chini, akaanza kumfundisha Lugha ya Alama hapo hapo kwenye kibaraza chake: sindano, uzi, mkasi, maji. Mwanangu alikuwa anakaribia miaka minne na hakuwa na lugha yoyote duniani. Kwenye mwezi wa kwanza alipata alama nyingi kuliko maneno aliyoyapata kwetu maisha yake yote. Nilijifunza jioni baada ya kusahihisha madaftari, nyuma yake sana. Bibi yake, akiwa na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, alijifunza alama 20 hivi, na hizo zikawatosha.

Katika masika ya 2014 mvua ilipiga bati hivi kwamba sisi tulio na masikio tulishindwa kusemezana. Yeye alisimama mlangoni akiangalia maji yanavyopita mtaroni. Akageuka, akaniuliza kwa mikono: maji yanakwenda wapi? Lilikuwa swali lake la kwanza. Miaka mitano alikuwa akiomba na kukataa, hajawahi kuuliza. Nikamjibu: baharini. Akauliza: yote?

Mtu anaweza kuniambia kwamba kwa kumpa alama nilimkatia njia ya kusema. Nimeambiwa hivyo, hata na walimu wenzangu. Siafiki. Mtoto asiye na lugha hangojei lugha kama abiria anavyongoja basi. Miaka ile inapita na hairudi, na kinachopotea ni uwezo wa kufikiri kwa mpangilio, kuuliza, kusimulia jana. Anayetumia kifaa cha kupandikizwa naye ana siku betri imekwisha, na siku hizo anahitaji mikono. Mwanangu husema maneno machache kwa mdomo, na mahali penye utulivu huelewa mengi zaidi ya tulivyotarajia. Alama hazikumzuia hayo.

Mwaka 2024 nilisoma habari kutoka China kwamba watoto waliozaliwa na kasoro ya jeni iitwayo OTOF, ambayo ni mojawapo ya sababu za kurithi za hali hii, walitiwa jeni iliyo nzima ndani ya sikio, na watano kati ya sita wakaanza kusikia. Haiwahusu watoto walioumizwa na manjano. Hata hivyo niliisoma mara mbili, nikamfikiria mama aliyemwona mtoto wake akigeuka alipomwita.

Shuleni kwangu nimeacha kuandika lile neno. Nikiona mtoto anajibu lisiloulizwa, ninamwita pembeni mbali na kelele, nazungumza naye uso wangu ukiwa kwenye mwanga, kisha nasimama nyuma yake na kusema maneno yale yale. Tangu 2013 nimewapeleka watoto saba wakapimwe. Wawili walikuwa na usaha masikioni wakatibiwa, mmoja alikuwa kiziwi wa sikio moja, wanne walikuwa wazima na shida yao ilikuwa nyingine. Yule binti wa saba mara nne sikumpata tena, familia yake ilikuwa imehama.

Kama mtoto wako alilala chini ya taa ya buluu, alizaliwa kabla ya siku zake, au alichelewa kulia alipozaliwa, usiridhike na mashine ya kijiti peke yake. Muulize mtaalamu kwa maneno haya: mtoto amepimwa mawimbi ya ubongo? Ukiambiwa hapo hakuna kipimo hicho, uliza kipo wapi, uandikiwe rufaa, uende. Mwende angali wa kubebwa mgongoni.